Ratiba ya Kazi ya Hobi Nyumbani: Kipi Kipangwe, Kipi Kiachwe Huru

Mtu anayetaka leo kusuka mkeka, kutengeneza meza ya sebuleni, kulima bustani ya mboga nyuma ya nyumba au kuandika riwaya nyakati za jioni hukutana na mashauri yanayopingana. Upande mmoja unamwambia aweke malengo, aandike tarehe, aigawe kazi kwa wiki na ajipime kila Jumapili. Upande wa pili unamwambia hobi ni mapumziko, na ukishaiwekea saa umeigeuza kibarua. Kila upande una methali yake. Wa kwanza unakumbusha kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Wa pili unajibu kwamba haraka haraka haina baraka.

Matokeo ya mvutano huu yanaonekana majumbani. Ziko mbao zilizoegemezwa ukutani mpaka zikapinda, mbegu zilizopitwa na mvua, kitambaa kilichokatwa kisishonwe, na watu wanaojilaumu kwa uvivu wakati chanzo cha tatizo si uvivu. Wengine walikamilisha kazi kwa ratiba kali, lakini walipomaliza hawakutaka tena kuishika sindano wala randa.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mkanganyiko unatokana na kuchanganya mambo mawili. La kwanza ni kupanga kazi, yaani kujua hatua zake, mfuatano wake na mahitaji ya kila hatua. La pili ni kupanga saa, yaani kuifunga kila hatua na siku na muda maalumu. Mambo haya yana faida tofauti na gharama tofauti, na mengi yanayobishaniwa kuhusu ratiba za hobi hutatulika yakitenganishwa.

Zana za ratiba zilitoka wapi

Vifaa vingi vya kupangia ambavyo leo vimo katika simu zetu havikuzaliwa nyumbani. Mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alibuni mchoro wa kuonyesha mfuatano wa kazi za kiwandani mwaka 1896. Katika miaka ya 1910 Mmarekani Henry Gantt alieneza mchoro wa aina hiyo, na mpaka leo ile milia ya mlalo inayoonyesha kazi ipi inaanza lini na kuisha lini huitwa kwa jina lake. Mwaka 1957 kampuni ya kemikali ya DuPont, ikishirikiana na Remington Rand, ilitengeneza hesabu ya kutafuta mnyororo mrefu kuliko yote wa hatua zinazotegemeana, kwa kuwa mnyororo huo ndio unaoamua mradi mzima utachukua muda gani. Mwaka 1958 Jeshi la Majini la Marekani lilikuja na njia inayokaribiana na hiyo kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris. Huko Japani, Taiichi Ohno wa Toyota alijenga utaratibu wa kadi uitwao kanban, ambamo sehemu moja ya kiwanda haitengenezi kitu mpaka sehemu inayofuata iwe inakihitaji.

Njia hizi zote zilitegemea sharti moja: saa za kazi zilijulikana. Mfanyakazi alilipwa, aliingia asubuhi na kutoka jioni, na msimamizi aliweza kuhesabu kwamba watu kadhaa kwa siku kadhaa ni saa kadhaa. Swali lililobaki lilikuwa namna ya kuzigawa.

Nyumbani hali ni kinyume. Saa za hobi ni masalio. Ni zile zinazobaki baada ya ajira au biashara, foleni za barabarani, kupika, watoto, ibada, mgonjwa wa kutazamwa, msiba wa jirani na harusi ya ndugu. Masalio hayo hubadilika kila wiki, na mwenyewe hana mamlaka juu yake, kwa kuwa hawezi kuuambia msiba usubiri kwa sababu Jumamosi ilikuwa siku ya kupiga randa. Hii ndiyo sababu kubwa ya ratiba za hobi kuvunjika. Hesabu ya kwanza kabisa ambayo ratiba ya kiwandani huianzia, yaani zipo saa ngapi, haina jibu la uhakika nyumbani.

Hata hivyo, sehemu ya pili ya zana hizo, ile inayoonyesha hatua gani inategemea hatua gani, haihitaji kujua idadi ya saa. Gundi lazima ikauke kabla ya kupiga msasa, awe mtu ana saa 2 kwa wiki au 20. Kwa hiyo zana za kiwandani zinapoletwa nyumbani, nusu yake inafaa na nusu haifai. Inayofaa ni ile ya mfuatano. Isiyofaa ni ile ya saa.

Kazi moja, aina tatu za muda

Kosa la pili ni kuuchukulia muda wa kazi kana kwamba ni wa aina moja. Kusuka mkeka kunaonyesha vizuri jinsi ulivyo wa aina tatu.

Aina ya kwanza ni muda wa maumbile. Ukindu hukatwa na kuanikwa, nao hukauka kwa kasi ya jua, si kwa kasi ya msukaji. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, unaweza kuchelewa sana au kuota ukungu. Mwanadamu hana la kufanya hapa isipokuwa kuanza mapema na kuchagua msimu.

Aina ya pili ni muda wa vipande. Ukindu ukishachanwa kuwa chane, kusuka ukili ni kazi inayobebeka. Huanzwa, huachwa, hurudiwa. Haiharibiki kwa kukatizwa, na mikono ikishazoea haihitaji akili yote. Ndiyo maana pwani ukili husukwa barazani huku mazungumzo yakiendelea. Dakika 15 zina faida kamili hapa.

Aina ya tatu ni muda mzima. Kutia chane rangi kunahitaji moto, sufuria, maji na mtu asiyeondoka mpaka zitoke. Kushona ukili hadi uwe mkeka kunahitaji nafasi ya kuutandaza na uangalifu wa kuufanya usivutike upande mmoja. Dakika 15 hazitoshi, kwa sababu nyingi zake huishia katika kutandaza na kukunja upya.

Mgawanyo huohuo umo katika hobi nyingine. Miche ya nyanya hukaa kitaluni wiki 3 hadi 5 kabla ya kuhamishwa, na baada ya hapo huchukua takriban siku 60 hadi 90 kufikia mavuno, kutegemea aina. Huo ni muda wa maumbile. Kupalilia na kumwagilia ni muda wa vipande. Kutayarisha matuta ni muda mzima. Katika useremala, mbao mbichi zinahitaji kukauka, na kanuni ya kukadiria inayotumiwa na maseremala wengi ni mwaka mmoja wa kukausha kwa hewa kwa kila inchi ya unene wa mbao ngumu. Msasa unaweza kupigwa vipande vipande. Kuunganisha fremu ya meza kwa gundi hakukatizwi, maana gundi haingoji.

Wanaogombana kuhusu ratiba mara nyingi kila mmoja huwa anaiwazia aina yake. Anayesisitiza tarehe huwaza muda wa maumbile na muda mzima. Anayesisitiza uhuru huwaza muda wa vipande.

Msimamo wa kwanza: ratiba kamili

Watetezi wa ratiba kamili wana hoja nzito. Ya kwanza ni kwamba nia isiyo na mahali wala wakati hubaki nia. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu anayeamua mapema atafanya jambo lini, wapi na kwa namna gani hulitekeleza zaidi kuliko anayesema tu kwamba atalifanya. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya vipimo 94 na kukuta kwamba athari ya mpango wa aina hii si ndogo. Hoja ya pili ni kwamba ratiba hulinda muda. Saa iliyotangazwa nyumbani kuwa ya ushonaji ni vigumu zaidi kuchukuliwa na wengine kuliko saa isiyo na jina. Ya tatu, kazi nyingine zina tarehe zisizosogea. Kofia ya kutarizi kwa mkono inayokusudiwa kuvaliwa Idd haina maana ikimalizika wiki moja baada ya sikukuu.

Udhaifu wa kwanza ni makadirio. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza katika miaka ya 1970 tabia ya binadamu ya kukadiria muda mfupi kuliko ule unaohitajika, hata anapojua kwamba kazi zilizopita zilichelewa. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu. Kwa wastani walikadiria kumaliza kwa siku 33.9, lakini walitumia siku 55.5. Hata walipoombwa wakadirie kwa kudhani kwamba kila kitu kingekwenda vibaya, wastani wao ulikuwa siku 48.6, yaani bado pungufu. Wataalamu wakubwa nao hawakwepi. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alipoanza mwaka 1977 kutengeneza programu ya kupanga kurasa za vitabu, TeX, alitarajia kuimaliza kwa muda mfupi. Kazi hiyo ilimchukua takriban miaka 10.

Sababu yake inafahamika. Anayekadiria huwaza hatua za ndani ya kazi: nitapima, nitakata, nitaunganisha. Hawazi yanayotoka nje ya kazi: umeme kukatika, skrubu kwisha dukani, mtoto kupata homa. Kwa kuwa nyumbani ya nje ni mengi kuliko kiwandani, makadirio ya hobi hukosea zaidi pale ambapo mtu hana namna ya kuyarekebisha.

Udhaifu wa pili unagusa kiini cha hobi, yaani furaha. Mwaka 2016 watafiti Gabriela Tonietto na Selin Malkoc walichapisha mfululizo wa majaribio ulioonyesha kwamba shughuli ya burudani ikipangiwa saa maalumu watu huanza kuiona kama kazi, na huifurahia kidogo kuliko ikifanywa bila kufungwa na saa. Nyuma zaidi, mwaka 1976, Teresa Amabile, William DeJong na Mark Lepper walikuta kwamba watu waliowekewa muda wa mwisho na mtu mwingine katika michezo ya maneno walikuwa na hamu ndogo ya kuirudia baadaye, wakati hakuna anayewalazimisha. Ratiba inaweza kuikamilisha meza na papo hapo kumpoteza seremala.

Udhaifu wa tatu ni udhaifu wa kitu kigumu kinapopata ufa. Ratiba yenye tarehe 30 ikikosa tarehe 3 za mwanzo, zilizobaki 27 zote huwa za uongo. Mwenye ratiba hubaki na mambo mawili ya kuchagua: kuiandika upya kila wiki, jambo ambalo nalo linakula saa za hobi, au kuiacha pamoja na kazi yenyewe. Wengi huchagua la pili.

Msimamo wa pili: uhuru kamili

Upande wa uhuru unaanza na hoja ambayo ratiba haina jibu lake. Hobi huwepo kwa sababu mtu anaipenda, na hakuna anayemlipa. Ukiondoa upendo hakuna kinachobaki cha kuisukuma. Kwa hiyo gharama yoyote inayopunguza upendo ni kubwa kuliko ucheleweshaji.

Hoja nyingine ni ya maarifa. Anayeanza jambo kwa mara ya kwanza hazijui hatua zake. Hawezi kupanga siku ya kutengeneza vishikio vya droo kama bado hajajua droo hutengenezwaje. Ratiba yake ni ramani ya nchi ambayo hajawahi kufika. Uhuru humruhusu kujaribu, kuharibu na kubadili mwelekeo, na baadhi ya kazi kubwa zilianza hivyo. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki alipotangaza mwaka 1991 kwamba alikuwa akitengeneza mfumo wa kompyuta kama hobi. Hakuwa na mteja wala tarehe ya kukabidhi. Toleo la 1.0 la Linux lilitoka Machi 1994, na leo mfumo huo ndio msingi wa simu za Android na wa sehemu kubwa ya kompyuta zinazoendesha intaneti.

Lakini mfano huo unahitaji kusomwa kwa tahadhari. Tunawasikia waliofanikiwa bila mpango. Hatuwasikii waliokwama bila mpango, kwa sababu hawakuacha kitu cha kuonyesha. Zaidi ya hayo, programu ya kompyuta haiozi. Inaweza kukaa miezi 3 bila kuguswa na kuendelezwa pale ilipoachwa. Nyanya haiwezi. Uhuru una gharama ndogo pale tu vifaa vya kazi vinapovumilia kusahauliwa.

Udhaifu wake mkubwa uko katika mwanzo na mwisho. Mwanzo wa kazi una msisimko wa kununua vifaa na kuwazia matokeo. Mwisho una kazi za kuchosha: kupiga msasa mara ya pili, kukata nyuzi zinazoning'inia, kuhakiki sura ya 12. Mtu anayefuata hamu peke yake huvutwa na mwanzo mpya kabla ya kufika mwisho wa zamani. Baada ya mwaka mmoja ana kazi 5 zilizoanzwa, hana iliyokamilika, na kila moja inachukua nafasi, fedha na sehemu ya utulivu wake. Hapo uhuru umeanza kuzaa mzigo uleule ambao ulikusudiwa kuukwepa.

Msimamo wa tatu: kidogo kila siku

Wako wanaosema suluhisho si tarehe wala hamu, bali mazoea. Mtu achague muda mfupi na kuurudia kila siku, bila kujiuliza atamaliza lini. Shahidi wao mkubwa ni Ferdinand Cheval, tarishi wa kijiji cha Hauterives kusini-mashariki mwa Ufaransa. Kuanzia mwaka 1879 alikusanya mawe katika njia yake ya kugawa barua na kuyajenga usiku kuwa kasri la ajabu bustanini kwake. Alimaliza mwaka 1912, baada ya miaka 33, na mwaka 1969 serikali ya Ufaransa ililiweka kasri hilo katika orodha ya majengo ya kihistoria. Huko Los Angeles, mhamiaji kutoka Italia, Simon Rodia, alijenga minara ya chuma, saruji na vigae vilivyovunjika nyumbani kwake kati ya miaka 1921 na 1954, baada ya saa za kibarua. Mnara mrefu kuliko yote una takriban meta 30.

Nguvu ya mazoea ni kwamba yanakubaliana na hali halisi ya saa za masalio. Hayahitaji makadirio ya siku ya mwisho, hivyo kosa la makadirio halina pa kuingilia. Siku moja ikipotea, kesho yake inabaki ilivyo. Kwa kazi za vipande, kama kusuka ukili, kutarizi, kujifunza kupiga udi au kuandika ukurasa mmoja, hakuna njia inayofaa zaidi ya hii.

Udhaifu wake unaonekana kazi inapofika kwenye muda mzima. Nusu saa kila usiku haitoshi kuunganisha fremu ya kabati. Aidha, kazi za Cheval na Rodia zilikuwa za kuongezeka: jiwe juu ya jiwe, kigae kando ya kigae, bila mchoro unaodai kipande fulani kikamilike kwanza. Kabati au gauni si hivyo; kosa la kipimo la siku ya kwanza hudhihirika siku ya mwisho. Mazoea bila mpango wa hatua yanaweza kuzalisha vipande vingi vizuri visivyoungana. Tena, msimamo huu unadhani siku zinafanana. Muuguzi wa zamu, dereva wa masafa au mama wa mtoto mchanga hana usiku unaofanana na mwingine, na kumwambia afanye kila siku ni kumpa ratiba kali kwa jina jingine.

Gharama zinazobebwa na wengine

Mjadala huu kwa kawaida humtazama mwenye hobi peke yake, na hapo unapungukiwa. Kazi ya nyumbani hufanyika katika nyumba ya watu. Meza isiyomalizika imeziba korido ya watu 6. Harufu ya vanishi inaingia chumba cha watoto. Fedha ya nyuzi, mbao au vifaa vya umeme imetoka katika mfuko uleule wa ada na chakula. Anayedai uhuru kamili mara nyingi huwa ameazima uvumilivu wa wengine bila kuwaambia ataurudisha lini.

Upo pia upande wa jinsia, nao hauwezi kurukwa. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Maana yake kwa mada hii ni kubwa. Mwanamume anaposema atafanya hobi yake atakapojisikia, mara nyingi kuna mtu mwingine anayepika wakati yeye anajisikia. Mwanamke akisema hivyohivyo, wakati huo huenda usifike, kwa kuwa kila saa isiyo na jina huchukuliwa na kazi yenye jina. Kwake, kutangaza kwamba Jumapili alasiri ni muda wa cherehani kwa ajili ya nafsi yake ni njia ya kujitetea. Hoja ya kwamba ratiba huua furaha ni ya kweli, lakini inamhusu zaidi mtu ambaye tayari ana muda wa kuufurahia.

Mwisho ni suala la biashara. Ushauri wa kugeuza kipaji kuwa kipato umeenea sana, na una sababu za kiuchumi zinazoeleweka. Ila mteja wa kwanza akishalipa malipo ya awali, kazi imebadilika. Ina tarehe, ina ahadi, na kuchelewa ni kumdhulumu mtu. Tatizo huja pale mtu anapoendelea kuipanga kazi ya mteja kama hobi, au kuipanga hobi yake iliyobaki kama kazi ya mteja. Njia salama ni kuzitenganisha waziwazi: hizi ni oda, zina ratiba kamili, hii ni yangu, haina.

Kuzipima hoja

Ukiziweka hoja hizi pamoja, hakuna msimamo unaoshinda mahali pote, lakini kila mmoja unashinda mahali pake.

Mfuatano wa hatua unastahili kuandikwa takriban katika kila kazi yenye hatua nyingi. Gharama yake ni karatasi moja, na haupunguzi furaha kwa sababu haumwamuru mtu chochote cha leo. Unamwambia tu: ukipata nafasi, hatua inayofuata ni hii, na inahitaji vitu hivi. Hapo saa moja inayopatikana ghafla haipotei katika kujiuliza pa kuanzia wala katika kugundua kwamba gundi imekwisha.

Tarehe maalumu zinastahili kuwekwa mahali patatu tu: palipo na maumbile, palipo na mtu mwingine, na palipo na fedha. Kitalu kiwe tayari kabla ya mvua. Randa iliyoazimwa irudishwe siku iliyoahidiwa. Vifaa vinunuliwe karibu na hatua inayovihitaji, ili mfuko wa nyumba usifungwe katika mbao za mwakani. Kila tarehe nje ya hizo tatu inapaswa kujieleza kwanza kabla ya kukubaliwa.

Kwa kazi za muda mzima, ambazo haziwezi kuachwa kabisa bila mpango, dirisha linafaa kuliko saa. Utafiti wa Tonietto na Malkoc wenyewe ulikuta kwamba mpango wa jumla, usiotaja saa kamili, hauharibu furaha kama unavyofanya mpango wa saa. Kusema kwamba fremu itaunganishwa alasiri mojawapo ya wikiendi hii kunatosha kuwajulisha watu wa nyumbani bila kujifunga. Isipokuwa, kama ilivyoelezwa, kwa yule ambaye muda wake huporwa usipotajwa. Huyo afadhali apoteze sehemu ya furaha kuliko kupoteza muda wote.

Kuhusu makadirio, dawa iliyopendekezwa na Kahneman na Tversky bado ndiyo bora: usiulize kazi hii itachukua muda gani, uliza kazi kama hii zilichukua muda gani. Kofia iliyopita ilichukua miezi mingapi tangu kuchorwa hadi kuvaliwa? Jibu hilo limeshabeba ndani yake homa za watoto na umeme uliokatika. Asiye na kazi ya nyuma amuulize aliyeifanya.

Kikomo cha kazi zilizo wazi nacho kina thamani kuliko ratiba. Hapa funzo la Toyota linafaa nyumbani: kipya kisiingie kabla cha zamani hakijasogea. Kazi mbili kwa wakati mmoja ni idadi yenye mantiki, moja ya muda mzima na moja ya vipande, ili jioni fupi isipotee na wikiendi ndefu isikose kazi. Gharama yake ni kukataa wazo jipya likiwa bado moto, na hiyo ni gharama ya kweli. Wazo liandikwe lisubiri.

Pamoja na kikomo hicho iwepo ruhusa ya kuacha. Hobi haina deni. Kazi ambayo haijaguswa kwa misimu miwili iamuliwe: imalizwe, igawiwe au ivunjwe. Kuiacha bila uamuzi ndiko kunakolemea nyumba na nafsi.

Hitimisho

Ratiba kamili inafaa kazi yenye tarehe isiyosogea na mtu anayehitaji kuulinda muda wake, lakini hukosea makadirio na hupunguza furaha. Uhuru kamili humfaa mwanafunzi na kazi isiyoharibika kwa kusubiri, lakini hujaza nyumba vitu visivyomalizika na kuwabebesha wengine gharama. Mazoea ya kidogo kila siku ndiyo yanayofaa zaidi kwa kazi za vipande, lakini hayatoshi kwa hatua zisizokatizwa wala kwa watu ambao siku zao hazifanani.

Uamuzi unaotokana na ulinganisho huu ni huu: panga hatua zote, panga tarehe chache, na saa uziache huru isipokuwa pale zinapohitaji kulindwa. Kabla ya kununua mbao au ukindu, kaa na karatasi, andika hatua, weka alama ni ipi ya maumbile, ipi ya vipande na ipi ya muda mzima, kisha uwaeleze wa nyumbani mwako kazi hiyo itachukua nafasi gani na fedha kiasi gani. Mpango wa kiasi hicho unatosha. Ukizidi hapo utakuwa umejiajiri bila mshahara, na ukipungua utakuwa umewatwisha wengine mzigo wa starehe yako.